Mzee Stoo na Benchi la Mlangoni

Kwa miaka yote niliyoimba kwaya nimemtazama mtu mmoja kuliko nilivyomtazama mchungaji. Kanisani kwetu Mkuyuni wanakwaya huketi mbele, ubavuni mwa madhabahu, wakiwaelekea waumini, na ukisimama upande wa sauti ya kwanza macho yako yanakwenda moja kwa moja hadi mlangoni. Hapo mlangoni palikuwa na benchi moja fupi lisilo na mahali pa kuegemea. Lilikuwa benchi la waliotengwa. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, mwanamume aliyeongeza mke wa pili, mlevi aliyepigana msibani, wote walikaa pale kwa muda waliopangiwa bila kushiriki meza ya Bwana. Kisha Jumapili moja waliitwa mbele, wakaombewa, wakapewa mkono na wazee wa kanisa, wakarudi kundini. Watu walipita pale kama wanavyopita zahanati. Yeye peke yake ndiye aliyehamia.

Tulimwita Mzee Stoo kwa sababu ya kazi aliyoifanya tangu ujana wake, kutunza stoo kwenye ghala la pamba la ushirika, na jina lilibaki hata ghala lilipofungwa na baadaye kukodishwa kwa wafanyabiashara wa mitumba. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo waulizwe wengine. Mimi nilimjua kwa ukuta mmoja tu uliotenganisha chumba chake na changu, katika nyumba ya kupanga yenye uani mmoja, bomba moja na ugomvi usiokwisha wa zamu za kufagia. Mimi ni fundi cherehani. Mitumba iliyojaa kwenye ghala lake ndiyo iliyoniondoa kwenye kushona magauni ikaniweka kwenye kupunguza suruali za Wazungu viuno. Kwa hiyo ghala lile lilitupiga sote wawili, ila mimi lilinipiga kidogo.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la kaki la kazini alilolifua kila Jumamosi na kulipiga pasi ya mkaa mpaka likang'aa viwiko. Ukienda kumwomba chumvi alijaza kikombe, akachukua mgongo wa kisu, akakata juu mpaka ikawa sawa na ukingo, na punje zilizodondoka akazirudisha koponi mbele ya macho yako. Mwanzoni nilimchukia kwa kile kisu. Nilimwambia siku moja kwamba chumvi haijawahi kumfilisi mtu, naye akanijibu bila kukasirika kwamba akinizidishia mimi atakuwa amempunja atakayekuja baada yangu. Mtu akilalamika uani kwamba kuku wake amepotea, au jino limeng'oka, au mume ameondoka, yeye alikuwa na neno lake moja la stoo: "Kilichotoka kimetoka." Alilisema kwa upole, na sisi tukalitumia kumtania. Baada ya yale yaliyotokea sikumsikia akilisema tena.

Jambo lenyewe lilijulikana Mkuyuni nzima, kwa hiyo hapa simwagi siri ya mtu. Wanunuzi binafsi walipoanza kufuata pamba vijijini na fedha mkononi, ushirika ulilegea, kisha ukasimama. Wafanyakazi wa ghala waliambiwa wasubiri mishahara yao. Walisubiri mpaka wakachoka, na meneja akaacha kuonekana. Ndipo Mzee Stoo, aliyekuwa na funguo, akawaita wenzake na kuwagawia vilivyobaki: magunia, kamba, maturubai, na dawa ya kunyunyizia pamba. Dawa aliipima kwenye chupa za bia, za huyu sawa na za yule, kwa uangalifu uleule wa chumvi. Siku hiyo alisifiwa kwamba ndiye mwaminifu pekee aliyesalia katika ushirika mzima. Naye akachukua chupa zake akaenda nazo nyumbani.

Kijana mmoja akaja kwake, akamwambia ana shamba la pamba upande wa Magu, akazinunua. Hakuwa na shamba lolote. Yeye na wenzake waliimwaga ile dawa ziwani, kwenye maji ya kina kifupi penye matete, wakaokota sato walioelea. Samaki wale waliuzwa asubuhi na mapema kwa bei ya kutupa, na aliyechukua ndoo nzima alikuwa Mama Kulwa, muuza samaki wa soko la Mkuyuni, muumini wa kanisa letu. Alipofunga meza jioni, waliobaki aliwapika nyumbani. Watu kadhaa mtaani waliumwa matumbo, wakapona. Mapacha wake, Kulwa na Doto, hawakupona. Yule kijana alitoweka na hakuna aliyemwona tena.

Mzee Stoo angeweza kunyamaza, maana chupa zilitoka kwa watu wengi na hakuna aliyejua ni zipi zilizofika ziwani. Lakini Jumapili iliyofuata mazishi, wakati wa matangazo, alisimama. Nilikuwa mbele, nilimwona anavyoshika ukingo wa benchi la mbele yake.

"Dawa ilitoka mkononi mwangu," alisema. "Kijana alinidanganya ana shamba, lakini mikono yake niliiona. Ilikuwa na makovu ya nyavu. Nilijua, nikampa."

Alikwenda polisi pia, akaambiwa arudi nyumbani kwanza, kwa sababu kijana hayupo na samaki wameliwa. Wazee wa kanisa walimweka benchi la mlangoni mpaka Pasaka. Pasaka ikafika, mchungaji akamwita mbele arudishwe kundini, nasi kwaya tukajiandaa na wimbo. Alisimama palepale mlangoni akasema anashukuru, lakini hatakuja. Atakuja siku Mama Kulwa atakapompa samaki kwa mkono wake naye akamla. Kwetu watu waliokoseana wakila pamoja, kesi imekwisha, na hakuna wa kuifufua. Mpaka siku hiyo, alisema, hatagusa samaki wa mtu yeyote, wala hataondoka pale. Mama Kulwa alikuwa safu ya tatu upande wa akina mama. Hakugeuka. Alikuwa anatazama mapajani mwake, anakunja na kukunjua pindo la kitenge.

Mtu asiyeijua Mwanza hawezi kuelewa ugumu wa kuishi hapa bila samaki. Uani kwetu dagaa walianikwa juu ya kila kitu kisichotembea. Viwanda vya minofu vilipoanza kupeleka sangara Ulaya, sisi tulibakiziwa vichwa na mifupa, mapanki, na vikaango vya mapanki vilinuka mtaa mzima kuanzia saa kumi za jioni. Yeye alikula maharage, mchicha, mlenda, akarudia maharage. Harusini alichota wali wa pembeni ambao mchuzi haujaufikia. Mwenye nyumba wetu aliwahi kumpelekea maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kupita samaki. Aliyanusa, akashukuru, akawapa kuku. Mwenye nyumba alinuna wiki nzima.

Kila asubuhi alipita sokoni. Alisimama mbele ya meza ya Mama Kulwa, akamsalimu kwa Kisukuma, akaulizia afya, akaulizia soko. Mama Kulwa alimjibu yote kwa adabu, huku akiendelea kuwapara magamba samaki wa wateja na kuwafunga kwenye gazeti. Mzee alibaki pale kidogo, mikono nyuma, koti limepigwa pasi, kama mtu aliyepanga foleni na zamu yake haijafika. Kisha aliaga. Mimi kibanda changu kilikuwa kinatazamana na meza ile, na nilikuwa nikiona wateja wanavyosogea pembeni kumpisha na wanavyomtazama mama yule usoni kuona leo atafanyaje. Hakufanya kitu. Aliosha kisu, akauliza nani anafuata.

Msidhani hakujaribu njia nyingine. Mapema kabisa aliwatuma wazee wa upande wake wapeleke ng'ombe wa fidia nyumbani kwa wafiwa, kama inavyofanyika kijijini damu ya mtu inapokwenda kwa mkono wa mtu. Ng'ombe walipokelewa na mume. Wazee wakashikana mikono, wakanywa pombe, wakasema mambo yamekwisha. Mwezi haukupita mume akauza ng'ombe wale akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, akasema akipata atarudi. Labda hajapata. Kwa hiyo Mama Kulwa alipoteza watoto kwa dawa, akapoteza na mume kwa fidia, na aliyesababisha yote mawili alikuwa mtu mwenye nia njema kuliko wote ninaowajua. Hapo ndipo hasira yangu kwa Mzee Stoo ilipoanzia, kama nilikuwa na haki ya kuwa na hasira.

Alibishana na mchungaji pia. Mchungaji wetu alikuwa kijana wa kutoka Kagera, msomi, mtu wa subira, na alitufundisha vizuri juu ya upatanisho, kwamba Mwanakondoo amezichukua dhambi za dunia. Baada ya ibada Mzee Stoo alimsubiri nje.

"Kama amezichukua, mchungaji, amezipeleka wapi?" alimwuliza. "Maana hii yangu naikuta nyumbani kila nikirudi."

Mchungaji hakumkemea. Alimshika mkono, akamwuliza kama anafikiri Mama Kulwa anapata chochote kwa yeye kukaa mlangoni. Mzee akafikiri, akasema hapana. "Basi unamkalia nani pale?" mchungaji akauliza. Nilikuwa karibu, nakunja majoho ya kwaya, na nilitega sikio bila aibu. Jumapili iliyofuata mzee alikuwa palepale, na mchungaji alipompita mlangoni alimpa mkono kama kawaida.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mgomvi wa mambo madogo, na msamaha alioutafuta yeye hakuugawa ovyo. Kuna jirani aliyeazima pampu yake ya baiskeli akairudisha mpira wake umepasuka. Mzee Stoo hakusema naye tena. Jirani aliomba radhi, akanunua mpira mpya, akaomba tena radhi mbele ya wapangaji wote. Mzee alisema amesikia, akaingia ndani akafunga mlango. Nilimfuata, nikamwuliza kwa ukali anataka huyu naye akakae kwenye benchi gani. Akasema hilo ni jambo jingine, ile ni pampu. Nilicheka mpaka nikakaa kizingitini, naye mwishoni akacheka kidogo, lakini jirani hakusamehewa mpaka alipohamia Buzuruga.

Uani tuligawanyika. Wako waliosema Mama Kulwa ana roho ngumu, samaki mmoja tu, sato wa kiganja, angempunguzia nini? Wako waliosema hakuna mtu anayeweza kumlazimisha mama amlishe aliyemuulia watoto. Mimi nilikuwa na neno la tatu, na nililisema ovyo kila niliposhonea watu: kwamba Mzee amemfunga yule mama kamba. Tangu aliposema yale ya samaki, hakuna siku ambayo Mama Kulwa aliuza samaki akiwa muuza samaki tu. Watu walikuja kununua na kuchungulia. Kila Jumapili walimwona mzee mlangoni, wakageuka kumtafuta yeye safu ya tatu. Niliona yote yale kutoka kwenye kwaya na niliamini kwamba nimeyaelewa.

Kisha mzee akaanza kukonda. Chakula kilimkataa, koti likamwelea, na usoni akabaki meno. Dada yake alikuja kutoka Sengerema, akamchukua ili awe karibu na hospitali ya kule, na benchi la mlangoni likabaki tupu. Baada ya muda umoja wa akina mama ukapanga kwenda kumwona. Walitakiwa wawili. Mimi nilijitolea, kwa sababu nilikuwa jirani. Wa pili alikuwa Mama Kulwa, na hakuombwa na mtu.

Tulikutana kwenye kivuko. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, amebeba hotpoti iliyofungwa kwa kanga. Njia nzima juu ya maji nilikaa upande ambao upepo ulinijia ukitokea kwake, nikijaribu kunusa bila yeye kuona. Mimi niliyemsema mzee yule miaka yote nilikuwa namwomba Mungu kwamba ndani mle kuwe na samaki.

Tulimkuta barazani kwa dada yake, kwenye kitanda cha kamba, juani, koti lake amejifunika miguu. "Shikamoo mzee," tukasema, na marahaba yake ilitoka kwa shida. Naye aliiona hotpoti. Alijiinua kwa viwiko mpaka akakaa, akamwambia dada yake alete maji ya kunawa. Dada alileta birika na beseni, akamnawisha, taratibu, kidole kwa kidole. Mama Kulwa alisubiri mpaka alipomaliza. Alifungua kanga, akafunua hotpoti. Yalikuwa maharage, na ugali pembeni.

Mzee aliyatazama. Mikono yake bado alikuwa ameishika mbele, inadondoka maji.

"Mzee, samaki sitakupa," Mama Kulwa alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amemwelekea. "Siyo kwamba nakunyima. Unanisimamia mezani miaka yote hii, nami nashindwa kukuambia. Asubuhi ile wale samaki niliwafunua mashavu. Yalikuwa meupe. Mimi nauza samaki tangu msichana, samaki wa dawa namjua. Bei ilikuwa nzuri, nikachukua. Nikajiambia samaki wa dawa ukimchemsha sana, ukamwaga maji ya kwanza, dawa inatoka. Nikachemsha sana. Nikamwaga maji. Nikawapa wanangu. Sasa samaki nikupe kwa mkono upi?"

Hakulia. Dada wa mzee, aliyekuwa bado ameshika beseni, aliliweka chini.

"Usiseme hivyo, mama," mzee alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe. Na mimi."

"Kijana nilimwona mikono."

"Nami niliwaona mashavu."

Kuku walikuwa wanaparura chini ya kitanda, na mtu nyumba ya jirani alikuwa anatwanga. Mzee alitazama mikono yake mpaka ikakauka. Ndipo akauliza, na hakumwuliza yeye peke yake, alituangalia sote watatu.

"Kama naye ni mkosaji, mimi sasa nani atanisamehe?"

Mama Kulwa alifunika hotpoti.

"Wewe walau walikupa benchi, mzee," alisema.

Mzee alilala akageukia ukuta. Hatukuona tena uso wake. Tulisali, kwa sababu ndiyo tuliyotumwa, tukaacha chakula kwa dada, tukaaga mgongo uliovaa shati jeupe lililokunjamana, yeye ambaye hakuwahi kutoka chumbani na mkunjo hata mmoja.

Kwenye kivuko tukirudi, Mama Kulwa aliniambia alidhani akimwambia yule mzee atapumua. Alifikiri anakwenda kumtua mzigo. Sasa anaona kwamba mzee alikuwa na kitu kimoja tu cha kutumaini, na kitu hicho kilikuwa yeye, naye ameenda kumnyang'anya. Aliniuliza afanyeje, na mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa neno nilitazama maji. Tulipokaribia kushuka akasema siku akiondoka duniani niwaambie watu, kwa sababu yeye mwenyewe amekwisha kujaribu kusimama wakati wa matangazo mara nyingi na miguu imemkatalia. Ameondoka, ndiyo maana nasema.

Mzee Stoo alizikwa huko huko Sengerema, na habari zilitufikia wamekwisha kuanua matanga. Jumapili hiyo, kabla kengele ya pili haijalia, Mama Kulwa aliingia kanisani, akaifikia safu yake ya tatu, akaiacha, akarudi nyuma, akakaa kwenye benchi la mlangoni. Watu waligeuka. Niliona wanavyonong'onezana, niliona akina mama wawili wakifuta machozi. Mchungaji naye, ambaye hakujua yaliyosemwa Sengerema, alisimama kumtangaza marehemu akasema kwa sauti iliyojaa upendo kwamba leo tumeonyeshwa msamaha ni kitu gani, kwamba mama huyu amekwenda kuketi mahali pa yule aliyemkosea. Kanisa zima likaitika amina.

Mama Kulwa alikuwa anatazama mapajani mwake. Alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi, ameacha nafasi ya mtu mmoja upande wa mlango. Mwalimu wa kwaya akatuashiria tusimame, tukasimama, tukaimba.